Kikombe cha Ikupa

Shemeji yangu Ikupa alikuwa mtu wa maneno machache, na mila yetu sisi Wanyakyusa ilimpunguzia hata hayo. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake, anajificha migombani. Ikupa akiwa na neno kwa baba, alinituma mimi, maana mumewe, kaka yangu Emiliani, alikuwa Dar es Salaam akiuza mitumba.

Biashara ilipoachiwa huru, mnunuzi wa maziwa akaanza kufika Lufingo na pikapu kutoka Mbeya. Baba yetu, mzee Anyelwisye, akaamuru kila tone la ng'ombe wetu liuzwe. Watoto wakabaki na ndizi na chai ya rangi.

Lusungu, mtoto wa Ikupa wa miaka miwili, akavimba miguu na mashavu. Baba akajisifu kwa majirani, "Mnaona ndizi zangu zinavyonenepesha?"

Nesi Felista wa zahanati alimbonyeza mguu, shimo likabaki.

"Huu si unene, mama Lusungu. Mwilini kuna mafundi wadogo wasiohesabika. Kila siku wanabomoa protini kuukuu na kujenga mpya. Vifaa vyao ni maziwa, maharage, mayai. Wakivikosa, wanabomoa nyama ya mtoto mwenyewe. Damu nayo ikiishiwa protini, maji yanavuja, anavimba. Mpe maziwa kidogo kidogo, la sivyo utamzika."

Nikatumwa kwa baba. Aibu ikanishika, nikasema tu, "Nesi anashauri maziwa."

"Huyo nesi ana ng'ombe?"

Nilirudisha jibu hilo. Ikupa hakunilaumu. Kesho yake asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akaenda barabarani penye pikapu, akasimama uso kwa uso na baba aliyeshika ndoo ya maziwa.

"Wewe mwanamke, huna haya?"

"Sina, baba."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba katika miaka minne ya ndoa. Akachovya kikombe ndani ya ndoo, akamnywesha mtoto.

"Mzee, leo umepata bosi!" mnunuzi akacheka.

Siku kumi na nne alikuja hivyo, na siku kumi na nne alitukanwa. Uvimbe ukaisha, ikaonekana mifupa uliyokuwa umeificha.

"Tazameni!" baba akawaita majirani. "Alikuwa mnene, huyu mchawi amemkausha. Toka kwangu!"

Ikupa akafunga nguo zake, akashika njia ya kwao Suma bila kuaga. Mgongoni Lusungu alikuwa akipiga kelele akitaka kikombe chake. Wiki mbili nyuma hakuwa na nguvu hata ya kulia.