Mkono wa Mama Mkwe

Hii stori nilitaka ife na mimi, lakini kwa vile mke wangu Nasimiyu ameshaisimulia kwao Kamukuywa kote akicheka, acheni na mimi niseme upande wangu, kwa sababu aibu ni yangu na hasira bado ninayo.

Mnajua tulihamia ile jumuiya iliyo nje ya Kitale, ya familia zilizonunua shamba pamoja, wanalima pamoja, wanapika sufuria moja na kuitana ndugu na dada (hata wakikugombeza wewe ni ndugu). Mgeni anakaa kwanza akiangaliwa, halafu siku moja wenyeji wanaamua kama atapewa mahali pa kujenga au arudi alikotoka. Sisi tulikuwa tumeuza ng'ombe na kuacha nyumba ya kupanga kule Tuwan, kwa hivyo pa kurudi hapakuwepo.

Siku yetu ya kuamuliwa ilikuwa Jumapili. Kabla ya chakula watu husimama duara, wanafumba macho, wanashikana mikono na kuimba, na hakuna kuachilia mpaka wimbo uishe, kwa sababu kwao kuachilia mkono ni kumkataa mwenzako. Mimi nikaona siku kubwa hivyo nisiende na viatu vya mpira, gambuti, zenye mavi ya ng'ombe, nikazisugua kwanza mferejini, nikachelewa, nikakuta wimbo umeanza, nikaingia mbio kwenye nafasi ya kwanza niliyoona, macho nimeshafumba nikiwa bado natembea (bidii ya mgeni), nikashika mkono wa kushoto na wa kulia. Wa kulia ulikuwa mgumu, mkono wa mtu wa jembe, nikaufinya kidogo kwa upendo vile tulivyofundishwa. Wimbo ulipofika katikati, mwenye mkono akakohoa. Hicho kikohozi nakijua. Nikafungua jicho moja.

Ni mama mkwe, bana. Alikuwa amekuja kumwona binti yake bila kutuambia, wakamweka kwenye duara kama mgeni yeyote, naye kwa utiifu akafumba macho.

Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawagusani. Tangu nioe sijawahi kumpa mkono huyo mama, tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye mahindi. Na hapa nimemfinya.

Naye akafungua macho, tukaachana kwa pamoja kama walioshika sufuria ya moto, yeye akajifunika uso kwa leso, mimi nikaruka upande wangu nikaangukia karai la sukuma wiki ya watu wote. Wimbo ukakatika. Ndugu Kariuki, anayeongoza jumuiya, akaniinua vizuri, halafu akatangaza kwamba ameona kuna kinyongo kati yetu, na kinyongo hapa hakilali.

"Ndugu Wafula, mkumbatie mama, yaishe."

Huyo Kariuki amezaliwa hapa Trans-Nzoia, majirani zake ni Wabukusu, amekula kwenye harusi zetu na matanga yetu, na bado ananiambia nimkumbatie mama mkwe mbele ya watu. Nikaeleza kwamba hiyo ni heshima. Dada mmoja akauliza ni heshima gani ya kukimbiana. Nikaeleza tena, sasa kwa sauti, sukuma ikiwa masikioni, na kwao mwenye kupaza sauti ndiye asiye na upendo. Mama mkwe alikuwa ameshajificha nyuma ya tangi la maji, na kutoka huko nikamsikia akimwambia Nasimiyu, "Ambia huyo mkwe, akinikumbatia, mimi naenda na wewe nyumbani leo."

Nikakataa, tena mbele ya wote. Wakaenda kando wakaamua.

Ati mimi nimeongezewa muda nijifunze kupenda. Mimi niliyejua kuheshimu peke yangu pale. Naapa, duara lolote nitakaloingia tena nitalizunguka kwanza nikitazama sura moja moja, na wakisema nina roho ngumu waseme. Nasimiyu yeye, aliyelia na kumkumbatia kila mtu, alikubaliwa siku hiyo hiyo, akapewa mahali pa kujenga. Kwa hivyo nyumba ninayoijenga sasa kwa mikono yangu ni ya mke wangu, na mimi ndani yake ni mgeni.