Safari ya Kulipigania Jina la Kabula

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Cheektowaga, jirani na Buffalo, akakaa wiki kadhaa bila jina la ukoo, lile la kurithi kwa wazee. La kwenye vyeti wazazi wake walishaliandika, Angela, na sikuwa na ugomvi nalo. La ukoo ndilo lilikuwa vita. Mimi nilitaka aitwe Kabula, jina la mama yangu, aliyefariki Mwanza mwaka jana wakati makaratasi yangu ya hapa Marekani hayajakamilika, nikashindwa kwenda kumzika. Baba wa mkwe wangu Patrick, mzee wa Bukavu mwenye maneno mengi, alitaka aitwe Nabintu, jina la mama yake. Ubatizo ulipangwa Jumapili na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kulegeza.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni binti wa mzee huyo, Aline, anayeishi Uingereza. Siku nyingi amekuwa akitutumia kwenye kundi la familia picha anazopiga huko, za madaraja, ngome na minara, nasi tunakisia ni wapi. Washindani wakubwa ni mimi na baba yake. Aline akasema: picha tano mpya, Jumamosi, sisi wawili tukiwa tumekaa uso kwa uso. Atakayeshinda ampe mtoto jina. Atakayeshindwa asimame kanisani alitaje jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Nilikubali haraka, halafu ndipo nikakumbuka kwamba hakimu ni binti wa mpinzani wangu.

Ijumaa asubuhi niliondoka Louisville na gari langu dogo, ndoo ya maandazi kiti cha nyuma. Mvua ilinisindikiza mpaka Cincinnati, malori yakinirushia maji kioo kizima. Nilipovuka Mto Ohio nilijikuta naliangalia daraja na kujiuliza ningelitambuaje kama ningeonyeshwa kipande chake tu. Akili yangu ilikuwa imeshaingia kwenye mtihani.

Mchana nilifika Columbus, kwa dada yangu Rhoda, mtaa wa Clintonville. Sikuwa nimemaliza hata sahani ya wali, tayari ameshawasha televisheni na kuniketisha mbele yake.

"Maji ya kijani, nguzo za mawe pembeni. Wapi?"

"Dada, nile kwanza."

"Utakula ukishinda. Hapo ni Bath, Warumi walikuwa wanaoga hapo. Haya, daraja linaloning'inia juu ya bonde?"

"London?"

"Ukisema London kesho nitakukana mbele za watu! Hilo ni Bristol."

Tuliendelea hivyo mpaka macho yakawa mazito. Rhoda ni mwalimu, lakini usiku ule hakunifundisha kwa ajili ya ualimu. Mama alikuwa wetu sote wawili, na yeye pia hakwenda kumzika. Aliponiaga asubuhi alinishika mkono dirishani. "Mdogo wangu, usipolirudisha jina la mama, usipite hapa. Tafuta njia nyingine ya kwenda kwako."

Baada ya Cleveland ziwa lilijitokeza mkono wa kushoto, likapotea, likarudi. Kuna mashamba ya zabibu kando ya barabara hiyo, yamenyooka safi kabisa, na siku nyingine ningesimama kupiga picha. Siku ile sikusimama popote ila kwenye mafuta. Nilikuwa narudia peke yangu kwa sauti: Bath, Bristol, Dover, Durham.

Alasiri niliingia Cheektowaga, ndege zikipita chini juu ya mapaa. Mzee alikuwa mlangoni, amevaa suti na tai.

"Mama Neema, karibu sana! Safari ilikuwa je?"

"Salama, baba. Naona umeshavaa suti ya kushindwa."

"Ah, hapana! Bon, hii njo suti ya kuita Nabintu. Ingia, ule kwanza. Mutu mwenye njaa hawezi kufikiri, na sipendi useme kama nilikuibia."

Binti yangu Neema aliniwekea mtoto mapajani. Nilimtazama paji la uso, nikaliona la mama. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mzee naye aliacha utani, akanisogezea kitambaa.

Baada ya chakula tulikaa mbele ya televisheni, Aline akiwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Sheria ilikuwa moja: anayewahi ndiye anajibu, akikosea zamu inakwenda kwa mwenzake.

Picha ya kwanza ilikuwa ngome juu ya jabali, mji umelala chini yake. Mzee aliruka. "Edinburgh!" Akapata. Ya pili ilikuwa daraja la Bristol, nikalitaja kabla picha haijatulia, na kimoyomoyo nikambusu Rhoda. Ya tatu ilikuwa majabali meupe baharini. Mzee alipiga goti lake: "Dover! Donc, ile hata mutoto anaijua." Kweli ilikuwa Dover. Ya nne, maji ya kijani na nguzo za mawe. "Bath," nikasema taratibu kwa makusudi, ili aumie vizuri.

Ikabaki moja. Aline alikuwa ameikata picha. Haukuonekana mto wala mji, ila mabomba manene ya chuma chekundu yaliyopishana kwenye ukungu.

"Daraja ya Newcastle!" mzee akapiga kelele. "Minaijua, iko ya chuma!"

"Hapana, papa," Aline akasema. "Ile ya Newcastle ni ya kijani."

"Mutoto wangu mwenyewe ananiuza!"

Neema alikuwa amemkumbatia mtoto, anauma mdomo. Mimi nilikuwa nimeshamaliza yote niliyofundishwa na Rhoda, na hilo daraja halikuwemo. Lakini nilikuwa nalijua. Nililijua kama ninavyokijua kiti nilichokalia utotoni. Lilikuwa sebuleni kwetu Mwanza, kwenye kalenda aliyopewa mama na mgeni wa kanisani. Mwaka wa kalenda ile uliisha, ikaja miaka mingine, na mama hakuitoa wala hakuufungua mwezi mwingine. Daraja jekundu lenye nundu tatu, treni ndogo ikipita katikati, na chini yake maandishi niliyojifunzia kusoma maneno ya Kizungu.

"Forth," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia kwa nguvu. "Daraja la Forth. Uskoti!"

Aline alipiga makofi kule Uingereza. Neema alipiga vigelegele, mtoto akashtuka akalia, nami nikacheza kuzunguka meza nikiwa na soksi tu. Mzee alivua tai yake akanivika shingoni.

Jumapili kanisani alisimama mwenyewe. Nilidhani atalisema kwa kunung'unika. Alimwinua mtoto juu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa nyuma: "Huyu anaitwa Kabula. Kabula, mama ya bibi yake. Munasikia?" Nililia tena, na safari hii sikuwa peke yangu.

Jumatatu nilipita Columbus nikiwa bado na tai shingoni. Rhoda alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kucheka hadi akakaa chini.

"Ile kalenda? Unajua kwa nini mama hakuitoa?"

"Si alipenda picha?"

"Picha gani! Ukuta ulikuwa na ufa. Ukurasa wa mwezi ule ndio uliokaa sawa bila kukunjika, akaugongea misumari pembe zote. Mama alikuwa anaziba ufa."

Tulicheka pamoja mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, tukashikana.

Jioni niliingia Louisville. Katika safari hii nimejifunza kwamba nilibeba vitu vya nyumba ya mama bila kujua, na viko salama. Sikumzika mama yangu. Lakini jina lake nimelifuata mpaka Buffalo na kulichukua, na leo asubuhi Neema amepiga simu, na nyuma yake nimemsikia mzee wa Bukavu akiliita kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.