Kulabu ya Usukani Iliyolazwa Katika Majivu

Mwanangu, kabla sijakueleza lililotokea, nikuwekee kwanza mambo yalivyokuwa, maana ukiyakosa hayo utadhani tulikuwa watu wa kubishana bure.

Ninayoikumbuka ni Ijumaa moja kisiwani Rusinga, miaka michache baada ya uhuru. Wakati ule hapakuwa na njia ya kukanyaga kwa mguu baina ya kisiwa na Mbita, na aliyetaka kufika hospitali ya Homa Bay alipanda mashua. Dada yangu Akinyi alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilikaribia kumwua, na mkunga aliyemhudumia alimwambia waziwazi kwamba ya pili asithubutu kujifungulia nyumbani. Wiki hiyo tumbo lilikuwa limeshuka. Mashua iliyokuwa tayari kumchukua ilikuwa moja tu, ya Mzee Marwa, Mkurya kutoka upande wa Migori aliyekuwa akinunua samaki wakavu kwetu na kwenda kuwauza bara. Na mashua hiyo ilikuwa juu ya mchanga, kwa sababu kulabu ya chini ya usukani ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikakatika.

Kama hujawahi kuona usukani ukivuliwa, elewa kwamba ubao ule huning'inia nyuma ya mashua kwa kulabu mbili. Ya juu huuzuia usiyumbe. Ya chini hubeba uzito na kupokea kila kipigo cha wimbi. Ikikatika katika mlango wa Mbita, pale maji yanapobanwa kati ya kisiwa na bara, chombo hakina tena wa kukiongoza, na mawe hayako mbali.

Mhunzi wetu alikuwa baba mkubwa Okelo, kaka wa baba yangu, ambaye ndiye aliyetulea mimi na Akinyi baada ya baba kufariki. Majembe ya nusu ya kisiwa yalitoka katika fuawe yake, lile pande la chuma alilofulia. Aliyafua kutokana na springi za lori kuukuu, na alikuwa na desturi aliyoirithi: kitu kikishafuliwa, hufukiwa katika majivu ya moto ya samadi na makaa, kikaachwa humo usiku kucha na siku ya pili, kipoe polepole. Kwa springi za lori desturi hiyo ni sahihi kabisa, na hata leo siwezi kuitia kasoro. Chuma cha namna ile kikipoa ghafla huwa kigumu na chepesi kukatika. Kikipoa taratibu hulainika, kikakubali kupinda.

Lakini safari hii hakufua springi. Mzee Marwa, alipokuwa kibarua katika mgodi mmoja wa kwao, alipewa fito mbili za chuma cheupe, king'aacho, zilizokuwa zikishikilia matofali ndani ya tanuri. Moto wa miaka yote ile haukuzibabua, na kutu haikuzigusa. Alizileta kwa furaha, akisema kulabu ya chuma kile itawazika wajukuu wake. Baba mkubwa alikata kipande, akakifua kikawa kulabu nzuri isiyo na dosari, kisha akakifukia katika majivu kama alivyofanya maisha yake yote.

Mimi nilifika Alhamisi alasiri, nikiwa likizoni kutoka chuo cha ufundi Nairobi, nilikokuwa nikisoma habari za metali. Nilimkuta baba mkubwa ndiyo kwanza anaichomoa kulabu majivuni. Haikuwa ikishikika kwa mkono. Aliibana kwa koleo, akaigonga pembeni mwa fuawe, nayo ikajipinda kidogo bila ufa. Aliridhika, akainyoosha tena. Mzee Marwa akapiga makofi.

Nikauliza, "Imelala majivuni tangu lini, baba mkubwa?"

"Tangu jana jioni."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, na nitakueleza kwa nini.

Chuma kikitiwa kromi nyingi hakishikwi na kutu, na aina moja ya vyuma hivyo ndiyo hutumiwa katika matanuri. Ina nguvu. Ila nguvu ya chuma ni jambo moja, na unyumbufu wake, yaani uwezo wa kupinda na kurefuka kabla ya kukatika, ni jambo lingine. Moja laweza kuongezeka huku lingine likipotea. Aina hiyo ina joto moja isilolipenda. Si joto la kuwa nyekundu. Ni lile la chini yake, wakati chuma hakiwaki tena lakini bado hakishikiki. Ukikikalisha muda mrefu katika joto hilo, kromi na chuma vilivyokuwa vimechanganyika sawasawa huanza kujitenga, katika visehemu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa nje hakibadiliki. Ukikipima, utakuta kimezidi ugumu. Kumbe kimepoteza unyumbufu, na kikishapoa kabisa, pigo moja laweza kukivunja. Kikiwa bado na moto kidogo hupinda vizuri, na hivyo humdanganya anayekijaribu mapema.

Majivu yale ya samadi yalikuwa na joto hilohilo, na kulabu ilikuwa imelala ndani yake usiku na mchana.

Niliyasema hayo yote palepale, mwanangu, kwa maneno mengi kuliko haya, na kila nilipoona hawanielewi niliongeza mengine. Mzee Marwa alinisikiliza huku akijikuna shingo.

"Injinia," akasema, "unataka kuniambia chuma kimeharibika kwa kulala?"

"Kwa kulala katika joto, mzee."

"Basi mimi ningekuwa nimevunjika zamani. Mke wangu hunifunika blanketi mbili."

Watu wawili watatu waliokuwa pale walicheka. Baba mkubwa hakucheka. Aliiweka kulabu chini, akanigeukia.

"Nyathina," akaniita, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo, yaani mwanangu, "unajua, au unaogopa?"

Nikajibu kwamba nina wasiwasi.

"Wasiwasi ninao tayari. Aliyelelewa katika nyumba yangu anapanda mashua kesho. Sijalala vizuri tangu mwezi uandame. Wewe umekuja umenirundikia mwingine juu yake, na tangu uanze kusema hujaniambia hata jambo moja ambalo mikono yangu inaweza kulifanya. Nifanye nini na maneno hayo? Niyafue?"

Sijui kama umewahi kukemewa na mtu asiyepaza sauti. Ndipo nikasema lile ambalo lilipaswa kutangulia: kwamba tuiache kulabu ipoe hadi asubuhi, tuizamishe katika maji ya ziwa, halafu tuipige nyundo kwa nguvu zote. Kama ni nzima, itapinda.

"Na kama si nzima?" akauliza Mzee Marwa. Sasa hakuwa na mzaha. "Unaijaribu kwa kuivunja? Hiyo ndiyo kulabu tuliyo nayo. Kesho ni Ijumaa. Mimi ni Msabato; nataka nifike Homa Bay kabla jua halijatua, Sabato inikute nimetia nanga. Ukiivunja asubuhi, nyingine italala majivuni hadi Jumamosi, na huyu mama atakwenda na nini?"

Akinyi alikuwa amekuja taratibu, mkono kiunoni, akasimama nyuma yetu bila sisi kumwona.

"Mnaibishania kama mahari," akasema. "Mimi ndiye mzigo wenyewe, na sijaulizwa. Ipigeni. Kama ni ya kukatika, ikatike mimi nikiwa nimekaa hapa juu ya jiwe."

Baba mkubwa akaibana kulabu kwa koleo, akaikung'uta majivu.

"Nimeitengeneza mimi," akasema. "Nitaipiga mimi, asije mtu akasema kazi yangu imedharauliwa na watoto."

Tulikutana fuaweni kulipopambazuka. Upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi, na kulabu ilitoka majini ikiwa baridi zaidi. Nakiri kwamba niliomba mambo mawili yasiyopatana: ipinde, ili dada yangu asafiri mara moja; na ivunjike, ili nisionekane mpumbavu. Nimeyakumbuka maombi yale mara nyingi, na la pili halinipendezi.

Baba mkubwa alipiga mara moja. Kulabu ilikatika kama sahani ya udongo, na kipande kikaruka hadi miguuni pa Mzee Marwa. Hapakuwa na dalili ya kupinda, hata kidogo. Pale ilipokatika palimeremeta kwa chembe kubwa, mfano wa chumvi ya mawe.

Mzee Marwa alikiokota, akakigeuzageuza, kisha akaketi chini.

"Ningekuwa mlangoni pa Mbita saa hii," akasema.

Wakati huohuo Akinyi alishika ukingo wa jiwe kwa mikono miwili, akafumba macho. Tulielewa sote kwamba uchungu umeanza. Alipoyafumbua alisema, "Msinitazame mimi. Tazameni moto."

Ufito wa pili ulikuwepo. Nikamwambia baba mkubwa kwamba kulabu mpya isitiwe majivuni. Ifuliwe, ipashwe tena hadi iwe rangi ya kaa la moto lililokolea, wala isizidi hapo, maana ikizidi chembe zake hukua na kuidhoofisha, kisha itumbukizwe majini ikiwa nyekundu, ili ilipite lile joto baya upesi.

"Maji?" Alinitazama kana kwamba nimemtaka ale udongo. "Springi nyekundu ukiitia maji inakuwa chupa, ngumu na ya kuvunjika. Hilo nililijua kabla baba yako hajaota meno."

"Kwa springi ni kweli."

"Na hii?"

Hapa, mwanangu, ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Maana vipo vyuma vya kromi vya aina nyingine, vyenye kromi kidogo na kaboni zaidi, ambavyo navyo hung'aa na kukataa kutu, lakini ukivitia maji vikiwa vyekundu hugeuka chupa kama springi. Sumaku huvishika vyote. Kwa macho havitofautiani. Nilidhani cha kwetu ni cha kromi nyingi kwa kuwa kilitoka tanurini, ila kudhani hakukutosha. Dada yangu alikuwa anahesabu pumzi nyuma yangu.

"Sijui," nikasema. "Lakini kuna namna ya kujua. Kata kipande kidogo, tukipashe, tukitie maji, halafu tukisugue kwa tupa. Kikiwa chupa, tupa itateleza. Kikiwa laini, itakila."

Baba mkubwa alitikisa kichwa taratibu kukubali, na nadhani ndipo aliponisamehe maneno yangu ya jana. "Hiyo sasa ni kazi," akasema.

Tulikata kipande. Mzee Marwa mwenyewe alishika mivukuto ya kupulizia moto, akaivuta kwa nguvu ya mtu aliyeona kaburi lake. Kipande kikawa chekundu, kikaingia majini kwa mlio, kikatoka. Baba mkubwa akakiweka kwenye fuawe, akachukua tupa. Tupa ililia, ikauma, na vumbi jeupe la chuma likaanguka juu ya fuawe. Akakipiga nyundo kikiwa baridi. Kikapinda. Akapiga tena, kikapinda hadi ncha zikagusana.

Alikitia kipande kile mfukoni, akauingiza ufito motoni.

Jua lilikuwa limeshapanda mashua ilipoteremshwa majini, na upepo wa mchana, tuliotaka kuukwepa kwa kuondoka alfajiri, ulikuwa umeanza. Akinyi alilazwa juu ya mikeka, kichwa chake mapajani pangu. Katika mlango wa Mbita mawimbi yalitupiga kwa ubavu, usukani ukalia, na kila ulipolia niligeuka kutazama nyuma, ilipokuwa kulabu. Nilikuwa najua sababu zote za kulabu ile kutokatika, nami niliogopa vilevile.

"Inashika?" Akinyi akauliza akiwa amefumba macho.

"Inashika," akajibu Mzee Marwa kutoka nyuma. Baada ya kitambo akaongeza, "Injinia, acha kuitazama. Utaichosha."

Sasa nasaha yangu, mwanangu, kwa kuwa umenivumilia hadi hapa. Utasoma, na kusoma kutakufanya uone hatari ambazo wenzako hawazioni. Usizinyamazie. Lakini usiwaendee watu na hofu tupu, ukaimwaga mbele yao kisha ukangoja wakusifu kwa kuona mbali. Kabla hujafungua kinywa, jiulize lile swali la baba mkubwa: unajua, au unaogopa? Kama unaogopa tu, si aibu. Tafuta namna ya kuipima hofu hiyo, uwapelekee vyote viwili pamoja. Pale usipojua, sema hujui, na usiishie hapo. Desturi ya mzee wako usiicheke, kwa sababu ilizaliwa na chuma alichokuwa nacho. Mwambie tu kwamba chuma kimebadilika, na umpe yeye nyundo. Kisha kumbuka kwamba ugumu si ushahidi wa uimara. Ukiwa mtu wa kutegemewa, jifunze kupinda kabla hujakatika, na usijipime ukiwa bado na joto la kusifiwa, ngoja upoe.

Mungu akupe macho ya kuona hatari mapema, na utulivu wa kuzipima ukiwa bado ufukweni. Akujalie wazee wa kukukemea bila kukutupa, nawe ukawe hivyo kwa watakaokufuata.

Tulitia nanga Homa Bay jua likiwa bado juu. Akinyi alijifungua salama Jumamosi asubuhi, mtoto wa kike. Kulabu ile haikukatika kamwe. Mashua ya Mzee Marwa ilioza kabla yake.