Jiwe ya Koko pale Mbugangari

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia picha kutoka Amerika. Amesimama kando ya barabara, karibu na kibao ya chuma, meno yote inje. Nikamuuliza, sasa hiyo imeandikwa nini? Ati hapa jenerali fulani alilalaka usiku moja. Kulala tu, rafiki yangu! Mutu analala, anaamuka, anaenda, na wanamuwekea chuma. Nikacheka mpaka machozi ikatoka, juu nilikumbuka koko yangu, ule bibi aliyemuzaa mama. Ye hakulala barabarani. Ye alizaa hapo.

Kama hukufika Gisenyi, pale mupakani na Goma, ile miaka ya tisini na kitu, nikuambie. Kwetu Mbugangari kulikuwaka jiwe moja kubwa, nyeusi, ile ya volkano, juu yake sawasawa kama meza. Kila mama mwenye kwenda ao kutoka Goma alishusha muzigo pale apumuzike. Asubuhi ilipita viazi ya Mudende, bado na udongo, na kabichi kubwa kama kichwa ya mwalimu wetu. Mangaribi inarudi mawese, vitenge, na sambaza, ile samaki kidogo-kidogo, inanuka mpaka paka wa mutaa wote wanatufuata. Na sheria ilikuwa moja: mama akikuambia "unitwike," unamutwika. Ukuwe padri, ukuwe polisi, unaweka fimbo chini, unashika upande yako, unainua muzigo mpaka kichwani kwake. Kukataa, ilikuwa haya ya kukufuata mpaka nyumbani.

Donc, mutu moja akanunua kiwanja pale. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, mutu wa ofisi, shati nyeupe, Kiswahili imenyooka kama nguo ya pasi. Akakuja kwa koko, jirani yake wa kwanza.

"Shikamoo bibi. Samahani sana, jiwe hili limeingia kwenye ukuta wangu. Kesho fundi atalivunja."

Sisi watoto tukaanguka na kicheko juu ya ile "limeingia"; kwetu tulisema "imeingia" tu. Koko hakucheka. Usiku aligeuza mboga ya sombe ndani ya sahani tu, mi nikamumalizia. Kisha akaniambia: "We kadomo, kimbia kwa wamama. Kesho hakuna kulia, hakuna kutukana mutoto wa watu. Wakuje na mizigo."

Asubuhi fundi akafika na nyundo, jirani nyuma yake. Akakuta gunia ya viazi juu ya jiwe, na mwenye gunia amekaa karibu, anajipepea na kitenge.

"Bon, baba, nimepumuzika. Unitwike."

Jirani akamutwika, kwa heshima yote. Mbele anyooshe mugongo, mama mwingine ameshaweka mawese. Halafu kabichi. Halafu sambaza, maji yake ikamushukia ndani ya shati. Fundi, ye, alikalia nyundo yake, akacheka mpaka akakohoa.

"Bibi, hawa akina mama wataisha saa ngapi?"

"Goma ikikosa njaa, wataisha," koko akamujibu.

Na mi nikajipanga na kabeseni kangu ka viazi. "Baba, unitwike!" Yebabawe, akanitwika kweli! Ile shati haikuwa tena ya ofisi. Kisha akajiachilia juu ya jiwe yeye mwenyewe, pumzi juu juu.

"Bibi, niambie. Jiwe hili lina nini?"

Koko akakaa karibu naye. Akamuambia vile alitoka Goma na kitunga kichwani, uchungu ikamushika hapo, wamama wakamuzunguka na vitenge yao.

"Ile siku nilishusha mizigo mbili. Moja ilikuwa muhogo. Ingine, mama ya huyu kadomo."

"Sasa mbona hukuniambia jana?"

"Jana hukuuliza jiwe, mwanangu. Ulileta tu habari ya ukuta."

Jirani akasimama. Akapangusa uso. Akaangalia fundi. "Pindisha," akasema.

We! Vigelegele ya ile siku, nafikiri ata Goma waliisikia. Ukuta ikapinda pale kama kiwiko. Na jirani akachukua rangi ya buluu yenye ilibakia kwa mulango yake, akaandika juu ya jiwe kwa mukono yake mwenyewe: HAPA MAMA ALISHUSHA MIZIGO MIWILI. Koko hakujua kusoma. Alikuwa anasimamisha wapita njia: "Nisomee." Wakimaliza, anawaambia: "Rudilia."

Leo koko hayuko. Rangi ilinywewa na mvua, mizigo inapita juu ya pikipiki, na unaweza kutembea Mbugangari muzima bila kusikia mutu anasema "unitwike". Hiyo inaniuma. Ata nyumba ya ule jirani ilishauzishwa, na mwenyewe mupya alijenga ukuta ingine ya bloku juu ya musingi ya zamani. Juzi nikamukuta inje, mikono kiunoni, analalamika ati mafundi ya zamani hawakujua kupima, angalia vile imepinda!

"Walijua, baba," nikamuambia. "Hapo walimupisha mama yangu."