Kopo Alilolibeba Baba

Baba yangu, mkulima wa kahawa kule Isansa, aliishi na kiungulia miaka mingi. Akishakula alilamba magadi kidogo, akacheua, basi. Mwaka jana alipoanza kuacha ugali nusu sahani, mama alinipigia simu Tunduma, ninakouza vitenge. "Njoo umchukue baba yako. Mimi hanisikii."

Nikampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akampa kikopo cha plastiki akisema kesho alete choo kidogo.

"Choo changu?"

"Chako, mzee. Cha jirani hakitatusaidia."

Asubuhi tukapanda bajaji, kikopo kikiwa ndani ya mifuko mitatu. Mama mmoja tuliyekaa naye akauliza kama hiyo ni asali ya kuuza. Baba ni mzee wa kanisa, hasemi uongo. "Siuzi, mama," akajibu. "Na ungejua ni nini, usingeulizia."

Majibu yakaonyesha ana bakteria tumboni. Daktari alisema huambukizwa kwa maji machafu na mikono isiyooshwa, na wakikaa miaka mingi wanaweza kuleta vidonda, hata saratani. Tulipotoka nje baba akaniambia kwamba babu, tuliyeambiwa alirogwa, alikufa akishindwa kumeza hata uji.

"Ndiyo maana sikutaka kupima," akasema.

Nikamshika mkono mpaka kituoni.

Dozi ilikuwa ya siku kumi na nne. Siku ya sita akajitangazia kuwa amepona. Mama akasimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka akameza vidonge. Alipopimwa tena, mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa, alikuwa safi. Tangu hapo hashikiki. Amefunga kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni mwa jikoni, na mchungaji mwenyewe hali hapo kabla ya kuonyesha viganja.

Siku moja akanitazama nikijikandakanda tumbo. "Na wewe umepima?"

Sikuwa nimepima. Nilipopima, nikakutwa na bakteria walewale.

Sasa kila asubuhi, kabla sijafungua duka, simu inaita.

"Umemeza?"

"Nimemeza, baba."

"Kunywa maji nisikie."

Nainua glasi, nagugumia karibu na simu kama ng'ombe mtoni.

"Hayo maji umeyachemsha?"