Zamu ya Maji ya Alhamisi

Aikande wa Machame aliweza kushuku hata chumvi aliyoipima mwenyewe. Ukimsalimia asubuhi, alijiuliza unataka nini. Nilikaa jirani naye miaka kumi na minne na sidhani kama aliwahi kuniamini, nami nakiri nilimsengenya sana kwa hilo. Mtu mmoja tu hakumshuku: Ndelilio, mumewe.

Kiangazi cha mwaka 1937 ulezi wa Aikande ulianza kunyauka. Ulikuwa ulezi wa kupikia mbege, pombe ya harusi ya binti yake Ruth, na bila mbege wakwe wasingekaa chini kuzungumza lolote. Siku yake ya maji ilikuwa Alhamisi, lakini Alhamisi tatu mfululizo mfereji ulimletea tope tu. Zamu alizigawa Mzee Aminieli, mkubwa wa mfereji wetu, aliyesikilizwa na Mangi, chifu wetu. Zamani alizitangaza mbele ya watu wote. Tangu aanze kuziandika daftarini, hakuna aliyejua nani kapewa nini. Tulinung'unika, tukanyamaza. Waoga wakubwa sisi.

Aikande hakunyamaza. Alhamisi ya nne, asubuhi kweupe, alipanda hadi juu ya mgawanyo wa maji, akamwaga kikapu cha pumba za ulezi mferejini, kisha akazifuata akitembea kandokando. Pumba hazikuelekea kwake. Zilikata kushoto, zikaingia kwenye kahawa ya Aminieli.

Jumamosi wanaume walipokutana kupanga kazi ya kuzibua mfereji, Aikande alikwenda. Wanawake hatukuwa na neno kwenye kikao kile. Mimi nilisimama nyuma ya migomba, nikichungulia.

"Shikamoo, Mzee. Nisomee zamu ya Alhamisi."

"Marahaba. Rudi nyumbani, Mama Ruth," Aminieli alisema. "Daftari hili si chungu cha jikoni, kila mtu afunue."

"Pumba zangu nimezikuta kwenye kahawa yako. Soma."

Wanaume wakaanza kuguna. Mmoja akataka na zamu yake isomwe. Mwingine akatamka neno mwizi. Ndelilio alimshika mkewe mkono.

"Twende, Mama Ruth. Tutayamaliza nyumbani."

Aikande aligeuka, akamtazama kwa jicho lile alilotutazama sisi wengine wote. Sikuwahi kuliona likimwelekea yeye.

Aminieli alikuwa amewaka. "Mwizi? Nilipewa na mwenye zamu! Ndelilio aliniachia Alhamisi zote za kiangazi, ili nilipeleke jina lake kwa Mangi awe mchili, akiongoze kijiji hiki." Akafungua daftari, akasoma hayo hayo, haraka haraka, kwa sauti ya chini.

Ndelilio aliangalia miguu yake. Nilidhani Aikande atakimbia, mimi ningekimbia. Aliketi kwenye nyasi, palepale katikati ya wanaume, machozi yakimtiririka.

"Soma tena," alisema. "Walio nyuma hawajasikia."