Jani la Tundu Tano

Kila ninapopitisha jani la mgomba juu ya moto ili nifungie samaki, na ile harufu yake mbichi ikanipanda puani, mkono wangu wa kuume hujinyoosha wenyewe juu ya jani. Watoto wangu hunicheka, eti mama anasalimia majani. Wacheke tu. Wao hawakuwepo siku ile Salamabila.

Kwetu Kasongo, nilipokuwa mdogo, jani ndilo lilikuwa mita. Mfuniko wa sufuria ulipimwa kwa jani, na mguu wa mtoto vilevile. Bibi alikusimamisha juu yake, akakata kufuata vidole hadi kisigino, akampa mtu anayekwenda sokoni. Mwaka mmoja jani langu lilikaa mfukoni mwa mjomba siku tatu kabla hajafika dukani. Viatu vya Idi vikaja vikanibana hadi machozi. Mama akasema, "Miguu yako inakua mbio sana." Nilikuwa na miaka minane, na nilijua fika kwamba miguu yangu haikuwa na kosa.

Baba yangu alikuwa shofa, dereva wa kamionete yake mwenyewe ya mizigo, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Alipenda kutuambia sisi watoto kwamba kuuliza si ujinga. Yeye mwenyewe sikupata kumsikia hata siku moja akimuuliza mtu njia.

Mwaka uliofuata akina mama kumi na wawili wa mtaa wetu, mama yangu akiwa mmoja wao, walilima mpunga upande wa Lusangi. Walishinda wameinama kwenye matope msimu mzima, nami nikifukuza ndege hadi sauti ikanikauka. Baba akaja kuchukua magunia. Hatukufika mbali. Kwenye daraja la magogo nati zilizolegea ziliachia, gurudumu la mbele likachomoka, likatutangulia kama lina safari yake, likatumbukia mtoni. Mto ulikuwa umejaa. Vijana walipiga mbizi hadi meno yakagongana, wakatoka mikono mitupu. Gurudumu la akiba hatukuwa nalo. Kamionete ikabaki imeinama juu ya gogo, magunia mgongoni, na wingu jeusi linakuja kutoka Kabambare.

Mpunga ukilowa ndani ya gunia, huota. Hakuna mama pale aliyehitaji kuambiwa hilo.

"Siku ngapi?" mama aliuliza.

"Ine," baba akajibu. "Mbili za kwenda, mbili za kurudi."

Watu walisema janti ya gari la zamani namna ile, yaani chuma cha gurudumu, haipatikani ila Salamabila, kwenye watu wa dhahabu. Baba akakata jani la mgomba, akalibandika pale gurudumu lilipotoka, akaligonga kwa kiganja. Bolti tano zikalitoboa vizuri. Mimi nikaweka mkono wangu juu yake, mchezo tu wa mtoto: kidole gumba kwenye tundu moja, nikaunyoosha hadi ukauma, ndipo kidole cha mwisho kikagusa tundu la mbali.

"Enda na huyu mutoto," mama akamwambia. "Atashika jani isipasuke."

Basi nikapandishwa pikipiki, katikati ya dereva na baba, jani kifuani. Siku mbili za jua na vumbi. Nililishika kama mtu anavyoshika yai, na bado lilibadilika mikononi mwangu, kijani chake kikawa rangi ya chai.

Salamabila tulimkuta muuza vipande vya magari, kijana mnene wa Uvira aitwaye Furaha. Wachimbaji wengi walikuwa wamekaa mbele ya duka lake wakinywa chai. Furaha alilitazama jani, akamtazama baba.

"Papa, hii jani iko na siku ngapi?"

"Jani ni jani."

"Inakaukaka, papa. Inarudi kidogo."

"Mimi niko shofa tangu wewe ulikuwa ku mugongo ya mama yako!"

Wachimbaji wakacheka, lakini sikujua wanamcheka nani, na nadhani baba naye hakujua. Furaha aliingia ndani. Akatoa magurudumu mawili, yote ya tundu tano, yote yamevaa tairi zenye meno. Kwa moja, jani lilikaa sawasawa. Kwa lingine, tundu zilipishana kidogo. Uwezo wetu ulikuwa wa moja tu.

Nikaweka mkono wangu juu ya jani. Kidole cha mwisho kilifika tundu la mbali bila kunyooka, kikapita. Viatu vya Idi vikanijia akilini palepale.

Baba aliniona. "Nini?"

Wachimbaji wote waligeuka. Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya watu, seuze watu waliokwisha kucheka.

"Hapana kitu, Baba."

Alinitazama, akautazama mkono wangu, kisha akaligusa lile gurudumu lililokubaliana na jani. "Hii."

Mvua ilitukuta njiani. Akina mama walipotuona kwa mbali walipiga vigelegele, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baba alilinyanyua gurudumu, akalisukuma. Bolti mbili ziliingia, tatu zikagoma. Akaligeuza, akajaribu tena. Akaomba nyundo. Mama alifungua gunia moja, akazamisha mkono, akautoa na punje zilizoota vijimkia vyeupe.

Baba alirudi Salamabila peke yake, akabadilishiwa, akaja na lile lingine. Liliingia mara moja. Lakini magunia yalikwisha kuwa ya moto ndani, na mengi tuliwamwagia bata. Idi ile tulikula mihogo, nyumba zote kumi na mbili, na kila nilipokutana na mama mmojawapo nilimsalimia nikitazama chini.

Mwaka jana nilikwenda kumwona baba Kasongo. Haoni vizuri siku hizi. Nilimfungia samaki, naye akalipapasa jani kwa vidole.

"Kule Salamabila ulipima na mukono," akasema. "Nilikuona."

Nikamgeukia. "Sasa mbona hukuniuliza, Baba?"

"Ningekuuliza, ungenijibu."

Nakiri kwenu, nilikasirika. Mpunga wa akina mama kumi na wawili nilikuwa nimeubeba peke yangu tangu utotoni, nikidhani pale dukani mwenye hofu nilikuwa mimi tu. Nikalifungua jani, nikaanza kumtolea samaki miiba, mmoja mmoja, na yeye akanyoosha mkono akingoja.